Hodi ya Mwalimu wa Mapumziko

Mwalimu wangu hakuwahi kuketi kwenye baraza ya watu bila kwanza kueleza amefuata nini. Ikiwa ni arusi, ikiwa ni Idi, ikiwa ni wanawake watatu wanaochambua mchele ukumbini huko Sib, pembeni mwa Maskati, atasimama mlangoni na mkoba wake begani, aseme maneno yale yale: "Miye nnasoma watu wanavyopumzika. Ntakaa na ntasikiliza. Jina la mtu siliandiki. Mkitaka nondoke, semeni." Halafu atangoja. Wala si kule kungoja kwa adabu, ambako mtu ameshavua kiatu kimoja. Alingoja na viatu vyake miguuni mpaka mwenye nyumba ajibu.

Watu wengi walicheka. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenikutanisha naye kabla sijawa mwanafunzi wake, alimwambia aingie upesi kwani anatupozea kahawa. Lakini kuna nyumba moja ambako bibi mkubwa wa pale alimtazama, akafikiri, akasema basi ondoka. Mwalimu akashukuru, akageuka, akaenda zake. Kisa hicho alikihadithia kwa furaha kubwa kuliko alivyohadithia tuzo yoyote aliyowahi kupata. Alisema yule bibi ndiye mtu pekee Maskati nzima aliyemwelewa mara ya kwanza.

Kazi yake ilikuwa kufundisha chuoni somo ambalo watu wakilisikia hudhani ni mzaha: elimu ya mapumziko. Alichunguza watu wanavyozitumia saa zao ambazo hawadaiwi na mtu, na hasa namna serikali za aina mbalimbali zinavyoziangalia saa hizo na kuamua ni kitu gani kuhusu saa hizo kinafaa kusomwa. Wenzake chuoni walimwita Duktura, kama Waarabu wanavyomwita mwanamke mwenye shahada ya udaktari. Sisi wa nyumba zilizotoka Unguja tulimwita Mwalimu, na ndivyo nitakavyomwita hapa. Jina lake silitaji. Yu hai, yuko Sib, na ameniruhusu niandike kwa sharti hilo. Namna alivyoniruhusu nitaieleza mwishoni.

Siku ya kwanza darasani alituuliza jana alasiri tulikuwa tunafanya nini. Tukajibu mmoja mmoja. Huyu alikuwa anadurusu. Yule alikuwa anamsaidia mama yake. Mwengine alikuwa anasoma Kurani, na jirani yake akaona haya kuzidiwa, akasema yeye pia. Mimi nilisema nilikuwa nafanya mazoezi ya mwili, na kila aliyeniona alijua nasema uongo. Mwalimu alitusikiliza mpaka wa mwisho, akavua miwani.

"Mashallah," akasema. "Nimepewa darasa la malaika."

Tulipomaliza kucheka alitueleza kuwa tumeshamfundishia somo lake la kwanza. Hakuna aliyetulazimisha kudanganya, wala hakukuwa na adhabu kwa aliyelala mchana kutwa. Hata hivyo sote tulijua ni mapumziko gani yanasemeka mbele ya mkubwa na ni yapi hayasemeki. Nani ametufundisha hayo, na kwa faida ya nani? Alisema tutalitafuta jibu muhula mzima na huenda tusilipate, na kwa kweli mimi bado nalitafuta.

Kazi ya nyumbani aliyotupa wiki ile ilikuwa kwenda mahali watu wanapokaa, kubisha hodi kama yeye, na kukaa nao alasiri nzima bila kalamu, bila daftari, na simu ikiwa imebaki garini. Tukirudi tunahadithia kwa mdomo. Mwenzetu mmoja aliona hayo ni mambo ya kizamani. Akaenda kwenye mkahawa ambamo wazee wa kwao hukutana kila baada ya magharibi, akawarekodi kwa simu iliyokuwa mfukoni mwa kanzu, akaja darasani na sauti safi kabisa. Mwalimu hakumgombeza. Alimwambia arudi kule kule, awasikilizishe wazee sauti zao wenyewe, halafu awaulize wafanye nini na sauti hizo.

Wazee walikasirika kwanza, kisha wakataka kusikia tena pale mmoja wao alipoimba. Mzee mmoja hakucheka. Aliomba kifutwe kipande alimokuwa akimlalamikia mwanawe, akakaa na kijana yule mpaka akahakikisha kimefutwa. Mwenzetu alirudi amenywea. Mwalimu akampa alama ya juu kuliko sote, jambo ambalo lilituudhi sana.

Mwenyewe aliandika, maana chuoni asiyeandika hahesabiwi kuwa mtu. Ila makala zake alizisoma kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya watu aliowaandika, kabla hazijaenda popote. Wakimwambia ondoa, anaondoa. Nakumbuka mama mmoja wa Sib alimwondolea ukurasa mzima, na ulikuwa ndio mzuri kuliko zote. Mwalimu akauondoa, kisha akanuna wiki nzima, akawa anatusahihishia kazi zetu kwa hasira ambayo haikutuhusu.

Alisoma somo hili katika serikali za namna tatu, na alipenda kusema kuwa kila moja ilimpa swali lake. Ujanani alipelekwa, pamoja na vijana wengine wa Unguja, kusoma katika nchi moja ya kisoshalisti huko Ulaya. Kule mapumziko yalikuwa na idara, na idara ilikuwa na ratiba. Swali lilikuwa: mfanyakazi apumzike vipi ili Jumatatu afanye kazi vizuri zaidi? Jumapili walipandishwa treni, wakapelekwa msituni kuimba kwa pamoja. Siku moja Mwalimu akatafuta kivuli akalala. Aliitwa mbele ya kikundi, akakemewa kwa kulala siku ya mapumziko. Akifika hapo katika kuhadithia, alikuwa anasimama wima, kidevu juu, akimwigiza yule kiongozi wa kikundi, nasi tunashika mbavu.

Miaka mingi baadaye akaenda nchi ya Magharibi kuchukua shahada ya juu. Huko hakuna aliyemlazimisha kuimba. Swali lilikuwa: mtu yuko tayari kulipa nini ili apumzike? Utafiti mwingi ulifadhiliwa na wenye mahoteli na viwanja vya michezo, na watu wasio na cha kulipa hawakuwamo ndani yake hata kidogo, utadhani wao hawapumziki. Akiwa huko alikaa kwenye benchi mbele ya mgahawa, akaambiwa kwa heshima kubwa kuwa benchi hilo ni la wateja. Halafu akaja huku kwetu, akakuta nchi inajenga, ina pwani na milima, ina vijana wanaohitaji kazi, na swali likawa: wageni wapumzike wapi? Somo lake likawekwa chini ya utalii.

Hakuyadharau maswali hayo. Alisema yote ni ya haki. Ila hakuna serikali hata moja iliyomuuliza swali lake yeye, ambalo lilikuwa: nani anakuruhusu ukae? "Msinambie serikali inawafanyisha watu kazi vipi," alikuwa akituambia. "Nambieni inaogopa mapumziko gani. Hapo ntaijua." Niliyaandika maneno hayo kwenye mtihani neno kwa neno, nikijua nimemfurahisha. Alinirudishia karatasi na mstari mwekundu pembeni: haya ni yangu, yako yako wapi?

Sitaki msomaji adhani namsifu malaika. Mwalimu alikuwa hashindwi kwa wema. Tukicheza dhumna nyumbani kwake, akishindwa husema vipande havikuchanganywa sawasawa, na akishinda huvipiga mezani mpaka vikombe vinaruka. Alitufundisha kuwa televisheni ni mapumziko ya mtu mvivu wa kutafuta wenziwe, lakini ole wako umpigie simu wakati wa mchezo wake wa Kituruki uliotiwa Kiarabu. Wanawe walimpeleka Salalah, kusini kabisa mwa nchi, msimu wa mvua ili apumzishe kichwa. Aliwatoroka kila asubuhi, akawa anapita kwenye mazulia ya familia zilizokaa majanini, anabisha hodi, anauliza nani amechagua mahali pa kutandika zulia, mume au mke. Alirudi amechoka kuliko alivyokwenda, ana furaha tele.

Na alitetea haki ya kila mtu kupumzika isipokuwa mwanafunzi aliyechelewesha kazi. Kwa huyo alikuwa hana huruma hata tone. Nilimwambia hivyo siku moja, nikiwa nimeshahitimu na kuwa msaidizi wake. Akanijibu kuwa uvivu na mapumziko ni vitu mbali, na kwamba mimi khasa ndiye ninayevichanganya.

Mwaka mmoja chuo kilimtaka awafundishe wanafunzi kupanga kituo cha mapumziko cha pwani, kwenye karatasi tu, kama zoezi. Wakachagua Yiti, kijiji cha wavuvi. Wakachora vibanda vya wageni, mkahawa, njia ya kutembea na maegesho ya magari. Ramani ilipendeza. Mwalimu akaisifu, kisha akawapakia wote kwenye basi la chuo mpaka Yiti yenyewe, na ramani mkononi, mimi na yeye tukifuata kwa gari yangu. Akasimama mbali kidogo na wavuvi waliokuwa wanashona nyavu, akatoa hodi yake, akangoja, akakaribishwa. Ndipo wanafunzi walipogundua kuwa wamekaa ndani ya maegesho yao. Kivuli kile cha ukuta, ambamo watu wa pale hukaa kila siku baada ya kazi, kwenye ramani kilikuwa mahali pa kuweka magari.

Hakuna aliyemcheka mwenziwe. Wakabishana pale pale kivulini, wakahamisha maegesho, wakahamisha mkahawa, mwisho wakaifuta ramani yote. Ilikuwa zoezi la karatasi, hakuna kilichojengwa, lakini Mwalimu alifurahi kama mtu aliyepata mjukuu.

Mimi na yeye tulirudi kwa gari yangu. Labda ni furaha ile iliyomfungua mdomo, kwani njiani alinihadithia jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilisema darasani. Alinihadithia habari za mjomba wake.

Mjomba huyo ndiye aliyemfundisha dhumna, alipokuwa mtoto Unguja, kwenye baraza ya nje ya nyumba yao. Alikuwa mcheshi kuliko wote waliokaa pale. Yeye ndiye anayeleta kashata, yeye ndiye anayeuliza fulani mbona leo hakuja. Siku zile watu walikuwa wanachunga sana maneno yao, lakini barazani kwao walijiona wako nyumbani. Kisha watu wa baraza ile wakaanza kuitwa mmoja mmoja kwenda kujieleza, na maneno waliyoelezwa kuwa wameyasema yalikuwa ni yao kweli. Mmoja alikaa huko muda, akarudi, na tangu hapo akawa anajibu salamu tu. Mamake Mwalimu ndiye aliyefahamu nani anayapeleka huko. Neno moja lililonukuliwa alilisema yeye, na alilisema mbele ya kaka yake peke yake.

"Mama akamuuliza," Mwalimu alisema. "Hakukataa. Alisema yeye alikuwa anasikiliza tu. Ati kuna watu wanataka kujua watu wanaishi vipi."

Alikuwa anaangalia milima ile mikavu ya njia ya Yiti, mkoba umekaa mapajani.

"Siku ya mwanzo chuoni Ulaya," akaendelea, "profesa akatueleza kazi ya utafiti. Unakaa na watu. Unakuwa mmoja wao. Unasikiliza. Ukirudi unaandika nani kasema nini. Nikamsikia mjomba, mwanangu. Nikamsikia vile vile. Kazi yangu na yake ni moja. Miye nnabisha hodi, basi. Tofauti ni hiyo tu."

Nilimwambia tofauti hiyo si ndogo. Tulipokaribia mjini, kwenye mzunguko wa barabara, alisema kuwa tangu mjomba wake, hajapata kukaa barazani akawa mtu wa baraza tu. Akicheza dhumna na watu, sikio lake linafanya kazi. Akila, linafanya kazi. Alitamani siku moja, kabla hajafa, akae na watu asiwe anawasikiliza. Alilisema jambo hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, na mpaka leo nikiupita mzunguko ule wa barabara naisikia.

Utafiti wake mkubwa kuliko yote aliufanya Khuwair ya Kusini, mtaa wa Maskati, nyuma ya maduka, kwenye saluni ya mama mmoja wa Tanga. Ijumaa mchana saluni ilikuwa haipokei wateja. Pazia linashushwa, wanakuja wanawake wa Kitanzania wanaofanya kazi majumbani. Wanasukana nywele, wanapika ugali na dagaa kwenye jiko la nyuma, wengine wanasali pembeni, wengine wanaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, na kwenye meza ya kupaka rangi kucha kunachezwa dhumna. Mwalimu alikaa nao Ijumaa baada ya Ijumaa, kwa miaka. Kila Ijumaa alibisha hodi upya, hata walipokuwa wamemzoea kama ukuta. Wakampa jina Mama Hodi.

Wapo waliokuja pale kwa ruhusa. Wapo pia waliosema nyumbani wanakwenda sokoni, au kutuma vitu kwao, kwa kuwa mama wa nyumba haoni mtu wa kazi anahitaji kukaa na wenziwe kwa sababu gani. Kwa hao, saluni ile ilikuwa siku yao pekee. Mtu mmoja akijua, inakwisha. Mwalimu alilijua hilo kuliko alivyojua kitu kingine chochote, na lilimgharimu.

Wakati ulipofika wa kupewa uprofesa, aliitwa mbele ya kamati. Mimi nilikuwamo, nimemshikia majalada. Kwenye kamati ile hakukuwa na mtu mbaya, naapa. Walikuwa wasomi wanaofuata taratibu za usomi. Waliisifu kazi yake, kisha wakaomba ushahidi: majina ya waliohojiwa, wanafanya kazi kwa nani, sauti zilizorekodiwa, mahali wanapokutana. Mmoja akaongeza kuwa iko taasisi iliyo tayari kufadhili, ili wanawake hao wapangiwe mapumziko yaliyo bora zaidi na salama. Mwalimu aliwasikiliza kama alivyotusikiliza sisi siku ya kwanza.

"Ushahidi uko Khuwair," akawajibu kwa Kiarabu, "unasuka nywele. Nendeni mkabishe hodi. Wakikubali mtakaa."

Mwenyekiti akacheka kwanza, kisha akaona kuwa si mzaha. Wakamuuliza tena kwa upole, naye akawajibu tena kwa upole. Uprofesa hakuupata. Muhula uliofuata somo la mapumziko likafutwa, yakabaki ya uendeshaji wa hoteli, na yeye akapewa madarasa ambayo yeyote angeweza kuyafundisha. Nilimlilia pale ofisini kwake. Yeye alikuwa anafunga vitabu kwenye maboksi, akaniambia nisilowanishe majalada.

Nilidhani amevumilia kwa kuwa hajali. Baadaye mwanawe aliniambia kuwa siku ile mama yao alirudi nyumbani, akakaa uani mpaka isha bila kuwasha taa, na hakutaka hata chai. Alijali sana. Aliutaka uprofesa ule kwa miaka mingi na alistahili. Namheshimu zaidi kwa kuwa aliutaka.

Alistaafu, magoti yakamsumbua, Ijumaa za Khuwair zikakatika. Mimi nikaajiriwa kwenye ofisi moja huko huko Khuwair ya Kusini, mitaa michache kutoka saluni, wala sikupita. Mwaka jana akanipigia simu Alkhamisi. Hakuniuliza hali. Aliniuliza kesho nna kazi gani baada ya sala, nikasema sina, akasema basi nije nimchukue.

Nilikuwa na ujumbe wa kumpa pia, uliokuwa unaniwasha. Chuo kimepata mkuu mpya wa idara, mwanamke kijana mwenye nia njema, na anataka kulirudisha somo la mapumziko. Alitaka liitwe kwa jina la Mwalimu. Aliniomba nimwandikie habari za maisha ya Mwalimu, na nimwombe akabidhi utafiti wake wa Khuwair uhifadhiwe chuoni, ili wanafunzi wawe na cha kuanzia. Nilimweleza yote hayo garini, tangu Sib, nikijua namletea zawadi.

"Wanataka majina?" akauliza.

Nikasema hawajayataja majina.

"Watayataka. Si kwa ubaya. Watayataka tu. Waambie sina kitu. Wakitaka kufundisha, wawatume watoto wakabishe hodi. Huo ndo utafiti wangu wote."

Nikamkumbusha kuwa somo lingeitwa kwa jina lake. Akasema amelisikia hilo, na kwamba ni jina zuri, na tuangalie barabara. Baada ya hapo akawa mwepesi, akanichekea namna ninavyoendesha, akauliza khabari za shangazi. Sikumwelewa. Mimi nilikuwa nimevunjika moyo na yeye alikuwa kama mtu aliyetua mzigo.

Saluni ilikuwa pale pale. Mama wa Tanga alimkumbatia mlangoni, akalia kidogo, akapiga kelele ndani kuwa Mama Hodi amekuja. Wanawake wengi walikuwa wapya. Kwenye pembe alikaa msichana mmoja, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama, na alipoona mabuibui yetu mawili akaanza kukusanya vitu vyake, maana angejuaje kama sisi si jamaa wa nyumba anayofanyia kazi. Nikavua viatu nikaingia, nikaketi kwenye kigoda, nikamgeukia Mwalimu nisikie yale maneno.

Hakuyasema. Alivua viatu vyake pale mlangoni, akishika ukuta, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye meza ya kucha, akavuta kiti, akaanza kuchanganya vipande vya dhumna kwa viganja vyote viwili.

"Mama Hodi," mama wa Tanga akasema, "leo hujatuambia."

"Leo sisomi," Mwalimu akasema. "Nimekuja kucheza. Nani na nani?"

Nilimwangalia uso. Nimekaa na Mwalimu miaka mingi, naujua uso wake ukisikiliza: kichwa kimeinama kidogo kulia, macho yameacha kuona. Siku ile kichwa kilikuwa wima. Alikuwa anatazama vipande vyake tu, na mdomo umeanza kujikunja kwa hila kama kawaida yake. Nikaona machozi yananijia, nikaangalia chini.

Wawili wakasogeza viti. Mchezo ukaanza. Lakini msichana wa pembeni hakuweka chini mfuko wake. Alikuwa ananitazama mimi.

"Na huyu je?" aliuliza.

Nikamtazama Mwalimu aniokoe. Hakuinua macho. "Huyo ana mdomo wake," akasema, akateremsha kipande.

Nikainuka. Nikarudi mpaka mlangoni, nikavaa viatu vyangu vyote viwili, nikasimama pale wanapoweza kuniona wote. Nikasema mimi nilikuwa mwanafunzi wa Mama Hodi, na kwamba nimeombwa niandike habari zake. Chuo sitakiandikia tena, nikasema, lakini nataka niziandike hata hivyo, na leo itakuwamo. Nikasema nitakaa na nitasikiliza. Jina la mtu siliandiki. Mkitaka niondoke, semeni.

"Na langu pia usiliandike," Mwalimu akasema kutoka mezani.

Wengine walikuwa tayari wananipungia mkono niingie. Mama wa Tanga alikuwa anataka kusema neno, akajizuia, kwa kuwa aliona ninamngoja nani. Msichana alinitazama kwa muda, mfuko kifuani. Nyuma yake dagaa walikuwa wanakaangwa. Nikangoja na viatu vyangu miguuni, na kwa mara ya kwanza nikajua mwalimu wangu alikuwa anasikia nini kila aliposimama mlangoni miaka yote ile: kwamba anaweza kuambiwa aondoke, na kwamba itakuwa haki.

Msichana akauweka mfuko chini.

"Vua viatu, dada," akasema. "Kaa."